Maji ya Bahari Ndani ya Nyumba Yetu ya Rwambuzi

Mama,

Mubishi iko muzima. Naanza na ile, juu nakujua. Kama wangekuruhusu kurudi hata kidogo tu, ungepita mbele yetu siye wote, watoto uliozaa kwa uchungu, bila hata kutusalimia, uende kwanza kuinama mbele ya ile sanduku ya vioo uone kama samaki yako inapumua. Inapumua, Mama. Sasa hivi naandika, iko nyuma ya jiwe yake, inaniangalia na ile jicho yake ya dharau. Umetulia? Basi nikuelezee zingine.

Tulimaliza matanga. Wamama wa kwaya walikuja na sare mpya, ile kitambaa ya kijani yenye ulikataa, wakaimba vizuri kabisa, ila sauti ya pili ilipotea njia kidogo juu ni weye ulikuwa unaishika. Meza yako ya sokoni nimemwachia Mama Rebeka, jirani yako wa siku zote, anauzia bitoyo, samaki za chumvi, pale pale, na anapiga kelele kuliko weye. Njia ya Tchomia, kule ziwani, inafunguka leo, inafungwa kesho, sawasawa na wakati yako. Lori ya samaki ikichelewa kupanda, wauzaji bado wanakuuliza weye kwa mazoea, "Mama Faustin anasema nini?" Kisha wanakumbuka, kila mutu anaanza kupanga samaki zake.

Lakini yenye imenishikisha kalamu ni habari ya Yaya Faustin, kaka yangu, mutoto wako wa kwanza. Siku ya kugawanya vitu vyako, yaya alisema hataki kitenge, hataki mbuzi, hataki kitanda. Anataka vioo. Anataka kumwaga maji ya Mubishi, abebe ile sanduku mpaka kwake Bule, aweke ndani mandazi na mikate ya kuuza. Unajua butiki yake ilichomwa na vitu vyote. Amejenga ingine ya mbao, na mandazi bila vitrini, ni inzi ndio wateja wa kwanza. Sema ukweli, Mama, haki alikuwa nayo. Yeye ni mukubwa, ana watoto wa kulisha, na mimi nilikuwa natetea samaki moja yenye urefu ya kidole. Wajomba waliitika kwa kichwa. Walinipa mpaka Jumapili, siku ya Mungu yenye kufuata. Nilirudi ndani ya nyumba nikakaa mbele ya Mubishi, nikalia kuliko vile nililia kaburini. Usiniulize kwa nini. Unajua.

Unakumbuka ile sanduku ilitufikia namna gani? Mimi nakumbuka mpaka nguo uliyovaa. Ulikuwa umepeleka tilapia kwa yule muzungu fundi wa ndege, Musiye Tomas, kama kila Ijumaa. Siku ile mupishi wake hakuwa, ukaingia mwenyewe mpaka saloni, ukaona samaki zinatembea ndani ya maji ya chumvi, nyekundu, za mistari, za rangi ya kitenge. Ulirudi nyumbani na beseni bado kichwani, umesahau kuishusha. Ukaniambia, "Neema, nimeshika samaki maisha yangu yote, na hata moja haijaniangalia."

Na ilikuwa kweli. Kwako samaki ilikuwa inafika imekwisha pasuliwa, imelala wazi kama kitabu ya nyimbo, imejaa chumvi: bitoyo. Na tangu vita, tangu tulivuka ile ziwa kwenda kukimbilia upande ya pili, na mutumbwi ulikuwa unaingiza maji na weye unaimba ili tusisikie woga, hukushuka tena Tchomia. Ulikuwa unangojea lori huku juu. Ulisema ile maji mulikwisha kuonana, inatosha.

Basi Musiye Tomas alimaliza kazi yake huku kwetu Bunia. Mbele ya kurudi kwao akakuachia vyote: sanduku, mashini ya kupumulisha maji na betri yake, mufuko mukubwa wa chumvi ya bahari, na samaki tano zilizofika na ndege toka pwani. Alikufundisha na ile Swahili yake ya kuvunjika: "Mama, maji inaenda, chumvi inabaki. Ongeza maji. Hapana chumvi." Weye ukamuitikia, "Ndiyo, Musiye," na ile sauti yako ya kuitikia mutu mwenye hutasikiliza. Wapi! Fundi wa ndege akufundishe chumvi, weye?

Watu walikuja kucheka. Mama Rebeka alisimama mulangoni, akaangalia sakoshi yako ya kukimbia, ile yenye inakaa nyuma ya mulango na nguo, sufuria ndogo na karatasi zetu za kuzaliwa. Kisha akaangalia ile sanduku ya maji yenye wanaume wanne walipata shida kuinua. Akasema, "Mama Faustin, na hii utakimbia nayo namna gani?"

Ukamujibu, "Sitakimbia nayo. Ndiyo maana nimeichukua. Nimechoka na vitu vya kubeba kichwani."

Walicheka tena. Mimi sikucheka, Mama. Nilikuwa nimerudi kwako juzi juzi na ndoa yangu imevunjika, na cherehani yangu peke yake kwenye baiskeli, na mimi pia nilikuwa nimechoka na vitu vya kubeba.

Kisha tukaanza makosa. Ee Mungu, makosa! Ukiona mawe ya Musiye Tomas yana utelezi wa kijani, ukiona muchanga wake wa kahawia, ulisema huyu mutu alikuwa anaishi ndani ya uchafu juu hana bibi. Ukamwaga maji yake yote kwenye mugomba. Ulibakisha chupa moja tu ya kuonyesha wamama wa kwaya: "Hii, ni bahari." Ile mugomba haijazaa tena mpaka leo. Kisha ukaniita, tukachukua Omo na sponji ya chuma, tukasugua yale mawe mpaka yakang'aa kama sufuria ya Noeli. Kumbe ule uchafu ndio ulikuwa usalama ya samaki! Ndani mulikuwa vidudu vidogo visivyoonekana, kazi yao ni kula uchafu wa samaki ili maji isiwe sumu. Nani alijua? Kwetu kitu chafu kinaoshwa. Na kile kipimo cha kioo Musiye Tomas alituachia cha kupimia chumvi, yenye inaelea, ulikiweka pamoja na vikombe ndani ya maji ya moto. Kikapasuka, pa! Ulikiangalia, ukasema, "Kiache. Ulimi inatosha."

Hatukungoja hata maji mapya yatulie. Saa ile ile, samaki ndani! Na ili ule mufuko wa chumvi usiishe haraka, ulichanganya nusu na chumvi yako kubwa kubwa ya bitoyo. Na wageni sasa. Kwetu mugeni hakai na njaa, na wale samaki walikuwa wageni, si ndivyo? Kila mutu aliyeingia kushangaa alitupa kipande ya bugali. Mujomba alitupa mpaka sombe, yale majani ya muhogo. Maji ikawa kama uji ya mugonjwa.

Walikufa, moja nyuma ya ingine. Ile ya mistari ilianza. Mujomba akasema kama imekufa, si tuikaange? Ulimukatalia kwa ukali: "Samaki yenye iliniangalia, siwezi kuikula." Ukazizika zote chini ya ile mugomba iliyokauka, na ulitingisha kichwa, na sikukuchokoza siku ile.

Ikabaki moja. Ile ndogo ya buluu yenye mukia ya manjano, yenye ilikuwa inauma kidole cha kila mutu mwenye kuosha kioo. Inakula kila kitu, inagombana na kivuli yake. Ukaiita Mubishi. Ulisema inafanana na mimi, na mimi nikasema mama yake nani.

Unajua wakati gani ninakumbuka sana? Zile siku kuran ya umeme na betri vilikuwa vinaisha pamoja, muchana, mashini inanyamaza. Wamama wa kwaya walikuwa wanaacha mazoezi, kila mutu anachukua kikombe, wanachota maji na kuimwaga toka juu ili hewa iingie, na wanaimba ule ule wimbo wa mazoezi, polepole, kufuata vikombe. Weye ulikuwa unashika sauti ya pili na kikombe ya pili. Na Mubishi chini yenu inazunguka, imekasirika na kelele. Mimi naketi kwenye cherehani, nashona, nacheka peke yangu. Barabarani malori ya askari yanapita, mutu hakugeuka hata kuyaangalia. Kama wangeniuliza amani ni nini, ningesema ni ile.

Kisha Mubishi ikaanza kulala kwa ubavu. Ilikuwa inapumua mbio mbio. Kila maji ikipunguka ndani ya sanduku, weye ulikuwa unaongeza maji ya chumvi, vile bibi alikufundisha kwa bitoyo: maji ya chumvi ikishuka, unaongeza maji ya chumvi. Ulitia kidole, ukaonja, ukasema, "Bado haijafika." Ukaongeza. Siku ya kufuata ukaonja tena: "Bado."

Mimi nikatia kidole. Mama! Nilitema mpaka kwenye ukuta. Nikakuambia hii si maji, hii ni sumu, ukaniambia ulimi yangu ni ya mutoto wa shule. Tulizozana vizuri sana, unakumbuka, mpaka Mama Rebeka akagonga mulango kuuliza kama kuna mwizi. Kisha nikaona ile chupa yako ya bahari juu ya kabati. Nikamwaga tone moja kwenye mukono, nikaonja. Nikaonja ya sanduku. Si kitu kimoja, hata kidogo. Nikakupa uonje weye pia.

Ulionja ya chupa. Ulionja ya sanduku. Ulirudilia. Ukasema, "Ni sawasawa." Na nikaona sura yako inabadilika, juu uliona yangu.

Ni pale tulikumbuka sombe. Miaka yote ile! Yaya Faustin akishuka toka Bule, anakula sombe yako, kisha anakunywa maji jagi nzima na kusema, "Mama, hii unaipikia ndani ya ziwa gani?" Siye tulidhani ni mukono wako muzito. Kumbe ulimi ndio ilikuwa imechoka. Muuzaji wa bitoyo, mutu mwenye soko nzima ilikuwa inamuletea kuonja, hasikii tena chumvi. Uliketi kwenye kiti yako ya kamba, mikono juu ya magoti. Ukasema polepole, "Usiambie watu wa sokoni." Nikasema sitaambia. Kisha ukaniangalia, ukasema, "Basi, tangu leo weye ndiye ulimi yangu."

Ni siku ile nilisikia kwa mara ya kwanza maneno ya Musiye Tomas, ingawa alikuwa amekwisha kwenda zamani. Maji inaenda, chumvi inabaki. Ni maji ilikuwa inapanda hewani, chumvi yote inabaki kumungojea Mubishi. Tukatoa maji nusu, kidogo kidogo, tukaweka ya mvua na chumvi ya mufuko, ya bitoyo hapana. Mubishi ikasimama. Na tangu pale ikawa kazi yetu ya asubuhi: mimi naonja tone ya chupa, naonja maji ya sanduku, naongeza maji ya mvua tupu, naonja tena. Weye unangojea, kitenge mabegani, kama mutu anangojea hukumu. Nasema, "Iko sawa, Mama." Unajibu, "Asante, ulimi." Kisha ndiyo chai.

Dokta akasema tansio, damu inapanda. Akasema chumvi, mwisho. Nikawa ulimi ya sufuria pia. Ulinikasirikia! Ulisema bugali yangu na sombe yangu vina ladha ya karatasi. Ulisema, "Ndani ya hii nyumba samaki inapewa chumvi, mwenye nyumba ananyimwa." Nikacheka, kisha siku ingine nikafua kitenge yako, nikakuta fundo kwenye pembe, na ndani ya fundo, chumvi. Ya bitoyo, kubwa kubwa. Nilikufokea, Mama, kama ni mimi nimekuzaa. Na weye ukaangalia ukuta, kicheko imejaa ndani ya mashavu.

Ulianguka sokoni, katikati ya samaki zako. Mama Rebeka anasema ulikuwa unabishana juu ya bei, na ulikuwa unashinda. Mimi nilifika, nilikuwa bado na sindano kwenye nguo. Nilikushika mukono, ilikuwa na harufu ya bitoyo. Sikuosha yangu mpaka… Basi. Chumvi ya samaki niliweza kuipima. Ya kwako sikuweza. Nimekwisha kulia juu ya ile, na sitaki kulia tena juu ya karatasi, wino itakimbia.

Siku ya Mungu ikafika. Yaya Faustin alikuja na pikipiki ya kukodi, kamba, na godoro kuukuu ya kufungia vioo. Alikuwa hata ameleta ndoo ya Mubishi, anasema tutaiachia mutoni. Nikamwambia ndani ya mutoni itakufa kabla hajafunga kamba. Akasema, "Neema, ni samaki." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, mashavu yameingia ndani. Tangu ulikufa nilikuwa sijaona hata chozi moja kwake: sanduku la maiti ni yeye, kaburi ni yeye, kulisha watu ni yeye, wajomba kugombana ni yeye. Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi. Alikunja mikono ya shati, akashika beseni ya kuchotea.

Nikamwambia tu, "Yaya, mbele ya kumwaga, onja." Juu hivyo ndivyo tunafanya ndani ya hii nyumba. Hakuna mutu alikuwa anagusa ile maji bila kuonja.

Aliguna. Akatia kidole, akaonja.

Mama, alisimama pale na kidole mudomoni kama mutoto. Akasema, "Hii ni sombe ya Mama."

Nikacheka! Nilishindwa kujizuia. Na yeye akacheka, akacheka mpaka beseni ikamuponyoka, akaketi kwenye kiti yako ya kamba yenye siye wote tulikuwa tunazunguka bila kuigusa, na ile kicheko ikageuka. Alilia, Mama. Mukubwa wako alilia kilio yote yenye alikuwa amefunga tangu ulianguka sokoni, anasema tu, "Sombe ya Mama, sombe ya Mama." Nilimushika kichwa vile ulikuwa unafanya. Kisha akainuka, akatia kidole tena, akaonja. Akatia tena. Nikamwambia, "Yaya, utamalizia Mubishi maji yake."

Hakuibeba ile sanduku. Tulizunguka nyumba nzima kutafuta vioo vingine, mwisho tukatoa zile za dirisha ya chumba yako. Usikasirike. Tumeziba na mbao, chumba yako iko na giza kidogo, lakini weye ulikuwa unafunga pazia kila siku juu ya jua, kwa hiyo usiniambie kitu. Vitrini ya Bule imetoka vizuri, anasema, ndogo lakini inang'aa, inzi wanagonga kichwa. Na sasa akipiga simu haniulizi niko namna gani. Anauliza, "Mubishi inasema nini?" Naona ni kwako alirithi.

Sasa nikuambie ile yenye nilikuwa naogopa. Chupa yako ya bahari imekwisha. Tone kwa tone, asubuhi kwa asubuhi, niliona inashuka, na nilikuwa nasema siku itaisha sitajua tena ni wapi sawa ni sawa. Juma hii niliigeuza, ikanipa tone ya mwisho. Niliishika mudomoni muda murefu kabla ya kumeza. Asubuhi ya kufuata nikasimama mbele ya sanduku na ulimi yangu peke yake, hakuna chupa, hakuna weye na kitenge mabegani. Niliogopa kweli. Nikaonja. Na nikajua, Mama. Nilijua saa ile ile: ilikuwa imepanda kidogo, ilikuwa inaomba maji ya mvua. Nikaweka. Nikaonja tena.

Sakoshi ya kukimbia bado iko nyuma ya mulango, sitakudanganya, mimi si mujinga, na redio inasema ile na ile. Lakini nakuahidi: siku zote nitakuwa ndani ya hii nyumba, hii maji itaonjwa asubuhi mbele ya chai. Nitaongeza maji, chumvi hapana. Wageni wakija na bugali, nitawashika mukono. Na mawe hayo, hakuna mutu atayagusa na Omo.

Lala vizuri, Mama. Kule uliko, kama wanakupa sombe, itie chumvi vile unataka. Dokta hayuko.

Leo nimeonja mbele ya kukaa kuandika. Iko sawa, Mama.

Ulimi yako,
Neema